Nautilus dhidi ya Biosig: madai ya hataza yasiyo na kipimo yalivyopona

Hataza ya Marekani namba 5,337,753 ilitolewa Agosti 1994 kwa kifaa cha kupima mapigo ya moyo ya mtu anayefanya mazoezi kwenye mashine. Ugomvi juu yake, kati ya kampuni ya Biosig iliyoimiliki na Nautilus, muuzaji wa mashine za mazoezi, ulidumu zaidi ya miaka kumi ukafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na hoja iliyoufikisha huko ni moja: madai ya hataza, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa, yanasema elektrodi (vipande vya kunasa umeme wa mwili) mbili za kila mkono zipachikwe kwa kuachiana nafasi, lakini hayasemi nafasi hiyo ni kiasi gani. Hakuna milimita, hakuna uwiano, hakuna hata neno kama "ndogo" au "kubwa".

Wengi wakisoma hivyo huamua papo hapo kwamba hataza hiyo ni batili. Haikubatilishwa. Ilipona kwa mara ya mwisho Aprili 2015 katika mahakama ya rufaa, na miezi miwili baadaye mahakama hiyohiyo, ikitumia kanuni ileile, ilibatilisha madai ya kampuni ya dawa ya Teva yaliyokuwa na namba wazi: uzito wa molekuli wa takriban kilodaltoni 5 hadi 9. Dai lisilo na namba likabaki, lenye namba likaanguka. Anayeandaa au kupinga madai ya hataza akielewa kwa nini ilikuwa hivyo, ameelewa karibu yote yaliyomo katika kanuni ya uwazi wa madai.

Kifaa chenyewe

Haiwezekani kuhukumu uwazi wa madai bila kujua kifaa kinavyofanya kazi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Moyo ukipiga hutoa umeme mdogo unaoweza kunaswa kwenye ngozi ya viganja. Misuli nayo hutoa umeme kila inapokaza. Mtu aliye kwenye mashine ya kupanda ngazi hushika upau, hukaza vidole na kusukuma kwa mabega, na ishara za misuli hiyo hufika kwenye elektrodi zilezile zinazotafuta ishara ya moyo. Masafa ya ishara hizo mbili huingiliana, kwa hiyo kichujio cha masafa peke yake hakitoshi kuzitenganisha. Matokeo yake ni kwamba kifaa huhesabu mkazo wa misuli kana kwamba ni pigo la moyo.

Mvumbuzi, Dkt. Gregory Lekhtman, alitumia tofauti moja ya kimaumbile. Ishara ya moyo inayonaswa mkono wa kushoto huwa kinyume cha ile ya mkono wa kulia: huku ikiwa chanya, kule ni hasi. Ishara za misuli za mikono miwili hazipingani namna hiyo. Basi ukiziingiza ishara za mikono yote katika amplifaya ya tofauti, yaani ile inayotoa ishara moja kutoka kwa nyingine, moyo unaongezeka na misuli inafutika.

Kwa namba za mfano: moyo unatoa +1 kushoto na −1 kulia, na misuli inatoa 3 kila upande. Kushoto kunasomeka 4, kulia 2, na tofauti ni 2, ambayo yote ni ya moyo. Sasa badilisha kidogo: misuli ya kulia itoe 2.5 badala ya 3. Kushoto bado ni 4, kulia ni 1.5, na tofauti ni 2.5. Hiyo 0.5 iliyoongezeka ni takataka za misuli. Kwa hiyo kifaa kinafaa tu pale ishara za misuli za mikono miwili zinapofika kwenye amplifaya zikiwa sawa kwa ukubwa na zikienda pamoja kwa wakati. Kusawazisha huko ndiko moyo wa uvumbuzi, na nafasi kati ya elektrodi ni mojawapo ya vitu vinavyokuamua, pamoja na ukubwa wa elektrodi, umbo lake na madini yaliyotumika.

Madai yalisema nini

Dai la kwanza linaeleza upau wa mviringo unaoshikwa kwa mikono miwili. Kila nusu ya upau ina elektrodi mbili: moja hai na moja ya pamoja. Elektrodi hai mbili zinaunganishwa kila moja na mlango wake wa amplifaya ya tofauti, na zile za pamoja zimeungana na kufungwa kwenye sehemu moja yenye volti ya pamoja. Katika kila nusu, elektrodi hai na ya pamoja zimepachikwa "kwa kuachiana nafasi". Mtumiaji anaposhika, kiganja kimoja kinagusa elektrodi zote mbili za upande wake.

Mwishoni mwa dai kuna sehemu inayoeleza matokeo: kwamba kutokana na mpangilio huo, ishara ya misuli ya upande mmoja itakuwa karibu sawa kwa ukubwa na awamu na ya upande wa pili, hivi kwamba zikitolewa moja kutoka kwa nyingine, kinachobaki cha misuli ni karibu sifuri.

Shikeni vitu viwili hapo: kiganja kimoja kinagusa elektrodi zote mbili, na dai linataja matokeo yanayoweza kupimwa. Bila hivyo viwili hataza hii isingekuwa na mahali pa kusimama.

Kesi ilivyotembea

Biosig, iliyomiliki hataza, ilidai kwamba katika miaka ya 1990 iliionyesha teknolojia yake kampuni ya StairMaster, na kwamba mashine za StairMaster zikauzwa zikiwa nayo bila leseni, hali iliyoendelea Nautilus ilipoichukua chapa hiyo. Ilifungua shauri New York mwaka 2004.

Nautilus ikaiomba Ofisi ya Hataza ya Marekani iikague upya hataza hiyo kwa kuilinganisha na uvumbuzi uliotangulia, hasa hataza ya Fujisaki ya mwaka 1984. Hapa ndipo mambo yalipoiva. Fujisaki naye alikuwa na elektrodi mbili kwa kila mkono. Kwa kuangalia sehemu tu, vifaa viwili vilifanana mno. Biosig ikajitetea kwa kueleza kwamba Fujisaki hakusawazisha ishara za misuli, na Lekhtman akatoa tamko la kiapo kwamba fundi wa fani hii angejua namna ya kupata nafasi inayofaa: atengeneze upau, aushikishe mtu, aunganishe osiloskopu, chombo kinachoonyesha ishara za umeme kwenye skrini, kwenye amplifaya, kisha abadilishe nafasi, ukubwa, umbo na madini ya elektrodi mpaka ishara ya misuli ikaribie sifuri. Mwaka 2010 ofisi ikathibitisha kwamba hataza inastahili kuendelea.

Kesi iliporudi mahakamani, Nautilus ikayageuza maneno hayo kuwa silaha. Ilisema: kama kinachowatofautisha na Fujisaki ni nafasi yenye kuleta usawa, basi nafasi hiyo ina maana maalumu, na iwe pana kuliko upana wa elektrodi yenyewe. Biosig ikataka maana pana zaidi, ambayo ingezinasa mashine za Nautilus bila shida. Mwaka 2011 jaji wa wilaya akakubaliana na Biosig: ni uhusiano wowote uliofafanuliwa kati ya elektrodi hizo mbili, na upande wa pili uwe na uhusiano huohuo au mwingine, bila kurejelea upana wa elektrodi.

Ukiisoma fasiri hiyo polepole utaona haisemi kitu. "Uhusiano uliofafanuliwa" umefafanuliwa na nani, na wapi? Nautilus ikaomba hukumu bila kesi kusikilizwa kikamilifu, na jaji yuleyule akaipa: madai hayamwambii yeye wala mtu mwingine nafasi iwe kiasi gani, wala hayatoi vigezo vya kuipata. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye hataza anavuta maana ya neno ipanuke ili limnase mshindani, na likishapanuka linakosa kingo.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho, inayosikiliza rufaa za hataza, ikaitengua hukumu hiyo. Kipimo chake wakati huo kilikuwa kwamba dai ni batili pale tu linapokuwa na utata usioweza kutatulika kwa namna yoyote. Majaji waliona kwamba utata huu unatatulika, na shauri likapanda juu.

Mahakama ya Juu ilibadilisha swali

Hukumu ya Juni 2, 2014 iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, na majaji wote tisa walikubaliana. Kifungu cha 112 cha sheria ya hataza kinamtaka mwombaji aainishe mahususi na kudai bayana kile anachokiona kuwa uvumbuzi wake. Mahakama ikasema dai ni batili iwapo, likisomwa pamoja na maelezo ya hataza na kumbukumbu za maombi yake, linashindwa kuwajulisha wenye ujuzi wa fani, kwa uhakika wa kuridhisha, mipaka ya uvumbuzi.

Kilichobadilika hasa ni nani anayesoma na anasoma lini. Kwa kipimo cha zamani ilitosha kwamba jaji, miaka mingi baadaye, akiwa na mawakili na mashahidi mbele yake, angeweza kulipachika neno maana fulani. Kwa kipimo kipya anayesoma ni fundi, na siku inayohesabiwa ni ile ombi lilipowasilishwa. Mahakama ilisisitiza kwamba utata unaotatulika kwa jasho la jaji bado ni utata kwa mshindani aliyekuwa akijiuliza kama anaruhusiwa kujenga mashine yake.

Mahakama hiyohiyo ilikiri kwamba lugha ina mipaka. Usahihi kamili haupatikani, na kiasi fulani cha mashaka ni gharama ya kuwapa wavumbuzi motisha. Upande wa pili ilitaja ukweli ambao kila aliyeandaa maombi anaujua: mwombaji ana sababu nzuri ya kuacha maneno yalegee, kwa sababu neno legevu hunasa wengi. Ikikumbusha kesi ya United Carbon ya 1942, ilionya dhidi ya kuwaachia washindani eneo la mashaka ambamo hawathubutu kuingia hata kama ni halali kwao. Hataza ni kama kiwanja. Bikoni zisipojulikana zilipo, jirani ataogopa kulima hata ardhi yake.

Nautilus ilikuwa imependekeza kipimo kikali zaidi: dai liwe batili kama wasomaji wawili wenye akili wanaweza kulielewa tofauti. Mahakama haikukubali. Tunaona ilifanya vyema, kwani kwa kipimo hicho karibu kila hataza yenye mshtakiwa tajiri ingeanguka. Mtaalamu wa kulielewa neno kwa namna nyingine hakosekani.

Mahakama ya Juu haikuamua kama hataza ya Biosig ni halali. Iliirudisha chini.

Kwa nini "nafasi" ilitosha

Aprili 27, 2015 mahakama ya rufaa ikatoa jibu lilelile la mwanzo kwa kipimo kipya. Hoja yake ina tabaka mbili.

Tabaka ya kwanza ni kingo zinazotoka ndani ya dai. Kwa kuwa kiganja kimoja lazima kiguse elektrodi hai na ya pamoja kwa wakati mmoja, nafasi kati yake haiwezi kuzidi upana wa kiganja. Kwa kuwa dai linazihesabu kama elektrodi mbili, sehemu mbili tofauti za kunasa ishara, nafasi haiwezi kuwa ndogo mno hadi ziungane kuwa moja. Kuna ukingo wa juu na wa chini, na hakuna uliohitaji kuandikwa kwa namba.

Kwa tabaka hii peke yake hatuoni kama hataza ingestahili kupona. Kutoka karibu sifuri hadi upana wa kiganja ni eneo lote ambalo mtu yeyote angeweza kupachika elektrodi mbili chini ya mkono mmoja. Kingo za namna hiyo zinaeleza maumbile ya mkono kuliko uvumbuzi.

Tabaka ya pili ndiyo yenye uzito. Sehemu ya mwisho ya dai inataja matokeo, usawa wa ishara za misuli, na kumbukumbu za ukaguzi upya zinaonyesha namna ya kuyapima kwa kifaa ambacho kila fundi wa elektroniki anacho mezani. Fundi anayejiuliza kama upau wake umo ndani ya hataza anachukua osiloskopu, anamshikisha mtu upau, anasoma pato la amplifaya. Misuli imekaribia sifuri au haijakaribia. Hahitaji kumwuliza Lekhtman alikuwa akiwaza nini, wala kuchagua kati ya njia nne za kupima zenye majibu manne.

Kuna wanaolalamika kwamba huku ni kudai matokeo badala ya kifaa: yeyote atakayesawazisha ishara, kwa nafasi yoyote, amenaswa. Lalamiko hilo lina haki yake. Lakini linahusu upana wa dai na kama maelezo yanautegemeza upana huo, ambalo ni suala jingine la kifungu kilekile. Dai linaweza kuwa pana kupindukia na bado likawa wazi kabisa.

Namba zilizoanguka

Sasa tuwageukie Teva. Dawa yao ya Copaxone, inayotumika kwa ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis, ni mchanganyiko wa minyororo ya molekuli yenye urefu tofautitofauti. Madai yalitaja uzito wa molekuli wa takriban kilodaltoni 5 hadi 9. Tatizo ni kwamba mchanganyiko wa aina hiyo hauna uzito mmoja. Unaweza kuchukua uzito wa molekuli zilizo nyingi zaidi, yaani kilele cha mchoro. Unaweza kuchukua wastani kwa kuhesabu idadi ya molekuli. Au wastani unaozipa molekuli nzito nguvu zaidi. Kwa sampuli moja njia hizo tatu hutoa namba tatu, na sampuli inaweza kuwa ndani ya 5 hadi 9 kwa njia moja na nje kwa nyingine.

Kumbukumbu za maombi ziliharibu zaidi. Katika ombi moja la familia hiyo ya hataza, mkaguzi alipouliza, aliambiwa ni wastani unaoelemea molekuli nzito. Katika ombi jingine la familia hiyohiyo jibu likawa kilele. Teva walijitetea kwamba jibu moja lilikuwa na kosa la kisayansi. Juni 2015 mahakama ya rufaa ikasema fundi anayesoma majibu hayo mawili hawezi kujua kwa uhakika wa kuridhisha ni lipi la kufuata.

Agosti mwaka huo ikafuata Dow dhidi ya Nova, kesi ya plastiki. Madai yalitaka mteremko wa mgawo wa kukaza kwa mvutano uwe 1.3 au zaidi. Palikuwa na njia tatu zinazojulikana za kuupata mteremko huo kwenye mchoro, na mtaalamu wa Dow akatumia ya nne. Hataza hizo zilikuwa zimeshapita mtihani wa zamani katika rufaa ya 2012, maana utata wake uliwezekana kutatuliwa: mtaalamu alichagua njia. Kwa kipimo kipya, uchaguzi wa mtaalamu baada ya kesi kuanza ndiyo hasa dalili ya ugonjwa.

Kabla ya hapo, Septemba 2014, katika kesi ya Interval Licensing, lilianguka dai la kuonyesha matangazo kwenye skrini "kwa namna isiyosumbua" mtumiaji. Hapo hapakuwa na chombo cha kupimia isipokuwa hisia za anayetazama, na watu hawasumbuliwi na kitu kimoja kwa kiasi kimoja.

Ziweke kesi hizi kando ya ile ya Biosig, na kigezo kinachotenganisha hakiwi namba. Ni kama hataza yenyewe inampa fundi kipimo kimoja, kilichokuwepo siku ya maombi, na chenye jibu moja.

Biosig wangeandikaje?

Hataza hii ilipona kwa shida, baada ya miaka kumi na moja mahakamani, na ikiwa tayari imekwisha muda wake. Mwandishi wa madai angeweza kuipunguzia taabu hiyo kwa aya chache.

Kwanza, kipimo cha osiloskopu kilipaswa kuwa ndani ya maelezo ya awali. Kuja kuokolewa na tamko lililoandikwa takriban miaka 18 baada ya maombi ni bahati. Mahakama ilikubali kwa sababu tamko lilieleza kile ambacho fundi wa 1992, mwaka wa maombi, angekijua; lingeeleza mbinu mpya, lisingesaidia.

Pili, kipimo kiandikwe mpaka mwisho wake. Hebu tuandike dai la mfano, la kwetu, lisilo la hataza hiyo: "umbali kati ya kingo za elektrodi hai na ya pamoja ni milimita 5 hadi 40, nao umechaguliwa ili, upau ukishikwa kwa nguvu ya nyutoni 30 kwa kila mkono kwa sekunde 10, ishara ya misuli kwenye pato la amplifaya isizidi asilimia 10 ya ishara ya misuli ya kila mkono." Linaonekana zuri, na lina shimo lilelile la Teva. Asilimia 10 ya nini: kilele cha ishara, au thamani yake ya wastani wa mraba? Kwa ishara za misuli, zenye vilele vya ghafla, majibu mawili yanaachana sana. Na misuli itatenganishwaje na moyo wakati wa kupima, ikiwa zote zinapita waya mmoja? Lazima maelezo yaseme: chukua thamani ya wastani wa mraba, katika masafa ya hertzi 100 hadi 250 ambako moyo una nguvu ndogo, kwa dirisha zima la sekunde 10. Kila namba unayoiweka kwenye dai inahitaji sentensi ya namna hiyo nyuma yake: chombo gani, hali gani, hesabu gani. Pakiwa na kiwango cha kimataifa cha kupimia, kitaje pamoja na toleo lake, maana viwango hubadilika.

Tatu ni suala la bei ya namba. Ukiandika milimita 5 hadi 40, mshindani ataweka 42. Ndiyo maana namba kali haziwekwi kwenye dai la kwanza. Dai la kwanza libaki la kikazi, lenye matokeo na kipimo chake. Dai la pili liongeze kiwango kipana cha umbali. La tatu kiwango chembamba, na la nne madini na upana wa elektrodi. Nchini Marekani kila dai huhukumiwa uhalali wake peke yake. La kwanza likianguka kwa kukosa uwazi, la tatu linaweza kubaki, na mara nyingi bidhaa ya mshindani imo humo humo.

Maneno kama "takriban" na "karibu sawa" hayana dhambi yenyewe. Mwaka 1923, katika kesi ya Eibel, Mahakama ya Juu iliukubali mwinamo "mkubwa" wa mashine ya karatasi, kwa sababu maelezo yalieleza mwinamo huo unafanya nini: unaipa rojo ya karatasi mwendo unaolingana na wa waya unaoibeba, jambo ambalo fundi angeliona kwa macho. Mwaka 1938, katika kesi ya General Electric ya nyuzi za balbu, ikakataa chembe "kubwa kiasi" za tungsteni, maana hapakuwa na cha kulinganishia.

Nne, kila jibu kwa mkaguzi lihifadhiwe mahali pamoja na lisomwe kabla ya kujibu swali kama hilo katika ombi jingine la familia hiyohiyo. Kosa la Teva lilikuwa la faili mbili zisizosomana.

Kwa mwombaji anayeanzia Nairobi, Dar es Salaam au Kampala jambo hili lina saa yake. Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wa Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, PCT, ambao ibara yake ya 6 inataka madai yawe wazi, mafupi na yategemezwe kikamilifu na maelezo. Ombi la kimataifa likishawasilishwa, mwombaji ana miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza kabisa, kuingia Marekani. Katika miezi hiyo anaweza kurekebisha madai, lakini maelezo hayaongezewi jambo jipya. Kipimo kisichokuwemo katika ombi la kwanza hakipandikizwi na wakili wa Washington.

Upande wa anayeshtakiwa

Anayetaka kulibomoa dai kwa hoja hii asiridhike na kusema "haieleweki". Achukue bidhaa moja, aipime kwa kila njia ambayo fundi wa tarehe ya maombi angeijua, aonyeshe kwamba kwa njia moja imo na kwa nyingine haimo. Hivyo ndivyo ushahidi dhidi ya Dow ulivyouma. Ajiulize pia kama mwenye hataza anatumia maana moja anapotetea uhalali na nyingine anapodai uvunjaji. Nautilus ililiona hilo mapema, ila usawa wa ishara uliizidi nguvu.

Na achague mlango mapema. Ukaguzi upya, ule ulioombwa na Nautilus, hauyapimi madai ya awali kwa uwazi. Hulinganisha tu na uvumbuzi uliotangulia. Mapitio baina ya wahusika mbele ya bodi ya Ofisi ya Hataza nayo ni hivyohivyo. Mapitio ya baada ya kutolewa, kwa hataza zilizo chini ya sheria ya hataza ya Marekani ya 2011, yanakubali hoja ya uwazi, lakini lazima yaombwe ndani ya miezi 9 tangu hataza itolewe. Ulaya hali ni kinyume kabisa na matarajio ya wengi: uwazi ni sharti la kupata hataza, lakini si sababu ya pingamizi, na uamuzi G 3/14 wa 2015, wa bodi kuu ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, unaruhusu kuuchunguza katika pingamizi pale tu marekebisho mapya yalipouleta utata. Ikipita miezi 9 Marekani, mlango uliobaki kwa hoja hii ni mahakama, ambako hataza huhesabiwa halali mpaka anayeipinga athibitishe vinginevyo kwa ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi.